Bata Walioinua Vichwa

Keshero, kabla ya kuondoka

Wenzangu wa korali, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu, mara mazoezi yanaanza, mara mtoto wa mtu analia. Basi nimekaa chini niandike safari yote, mpitishiane mkononi, na asiyeelewa aje nyumbani nimkaangie samaki wa sambaza nimweleze. Habari za tiketi na vibali nimeziruka. Hazina utamu hata kwangu mimi niliyezihangaikia.

Kwa atakayesoma bila kutufahamu: mimi ni Kahindo, mpaka rangi. Kaka yangu mkubwa Paluku, ambaye namwita yaya kama kwetu tunavyowaita wakubwa wetu, ndiye mchongaji. Atelye yetu, yaani karakana, ni chumba cha mbao pale Keshero, mtaa wa Goma, na tuliachiwa na baba. Baba alitoka Butembo na patasi zake ndani ya mfuko wa unga, akatufundisha sote wawili, na sheria yake ilikuwa moja: mnyama lazima ainue kichwa amwangalie mtu aliyesimama mbele yake. Mgeni akiingia, sokwe amtazame, tembo amtazame, hata kobe amtazame. Mnyama anayetazama chini, alisema, anabaki kwenye rafu. Tulichonga hivyo miaka mingi, na wageni waliokuja kuona sokwe na mlima wa moto walinunua.

Siku hizi, kwa ajili ya vita, wageni hawaji. Rafu zimejaa sokwe wanaotazama mlango. Yaya alikuwa ameshaniambia kwamba kazi hii mpya isiposhika, anafunga mlango na kurudi Butembo kulima kahawa kwa mjomba, na yeye si mtu wa kutishia. Akisema anaondoka, viatu vyake viko tayari vimepigwa rangi. Na mimi bila mchongaji ningepaka nini?

Kazi mpya ilitoka Tabora, Tanzania, kwa mtu anayeitwa Bwana Maganga. Ana duka la dawa, na Jumamosi anafunga mapema aende na wenzake kuwinda bata, kwa kujifurahisha na kwa ajili ya sufuria. Mteja wetu wa zamani alimwonyesha picha za kazi zetu. Alitaka bata bandia wa mbao, wa kuelea majini, ili bata wa porini wakipita juu wadhani ni wenzao na washuke. Wale wa plastiki aliokuwa nao walikuwa wamepasuka kwa jua. Tulielewana hivi: tulete dazeni moja, tuwaweke majini pamoja naye. Bata wa kweli wakishuka, chama chake chote kitaagiza kwetu msimu huu na unaofuata. Wasiposhuka, tutanywa chai na kuagana.

Paluku alichonga kwa mbao nyepesi, kipande kimoja kutoka mdomo hadi mkia. Ndani ya tumbo, kwa chini, alipachika kipande cha chuma cha kujengea ili bata asipinduke. Kazi yangu ilikuwa rangi, na hapa mniruhusu nijisifu. Bwana Maganga alikuwa ameonya kwenye simu kwamba rangi inayong'aa inawafukuza ndege. Nikachekecha vumbi la lava mpaka likawa laini kama unga wa mtoto, nikalichanganya na rangi, mng'ao ukafa kabisa.

Mpakani, bata ndani ya beseni

Kufika Kigali hakuna cha kusimulia, ila kwamba Paluku alivaa koti la kanisani na viatu vyeusi, na mimi nilibeba jibini ya Masisi, gurudumu zima, zawadi ya wenyeji wetu. Jibini ilikuwa na heshima zake mpaka joto lilipoanza. Kuanzia hapo abiria wa kiti cha mbele walifungua dirisha na hawakulifunga tena.

Mpaka wa kuingia Tanzania ndio uliotushika. Mifuko yetu ilipita kwenye mashine, na afisa aliyekuwa akitazama picha akainuka. Aliona bata, na ndani ya kila bata kitu cheusi kizito. Akauliza tunatoka wapi. Paluku akajibu, Goma. Nikaona uso wa afisa ukibadilika, maana mtu wa Goma mwenye kitu kizito kilichofichwa tumboni mwa bata, huko nje wanamfikiria jambo moja tu, nalo ni madini.

Aliita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao. Bata walipimwa, wakagongwa, wakanuswa. Paluku alikuwa amenuna, akaniambia pembeni kwamba hata tukibeba mkate watu watatafuta coltan ndani yake. Mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeanza kufurahia, kwa sababu wale maafisa walikuwa wanapenda kudadisi kama mimi. Nikawaomba beseni la maji. Likaletwa lile la kufulia, nikamweka bata mmoja, akakaa wima. Mkubwa wao akamsukuma kwa kidole, bata akalala ubavu, akainuka mwenyewe. Akamsukuma tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko upelelezi ulivyohitaji.

Akauliza kazi yake nini. Nikaeleza. Akafikiri, akasema basi nyinyi mnatengeneza bata wa kuwadanganya bata, nikakubali kwamba ndivyo. Akatugongea mihuri, akasema tukirudi tupite tumweleze kama walidanganyika.

Pancha

Mbele zaidi gurudumu la basi lilipasuka, na la akiba nalo lilikuwa limechoka. Tulikaa kando ya barabara tukila mihogo ya kuchoma na karanga. Paluku aliagiza fufu kwa mama aliyekuwa na jiko pale, mama akamtazama tu. Nikamwambia aagize ugali, akaletewa, akaonja, akasema ni mgumu lakini ni ndugu.

Jirani yangu wa kiti, mama mmoja mwenye biblia kubwa, alikuwa ameona mdomo wa bata ukichungulia mfukoni. Aliniuliza kwa upole kama zile ni sanamu za kuombea. Nikamwambia hapana mama, ni za kuwindia. Jibu hilo halikumtuliza sana. Lakini aliomba nimpe mmoja amshike, na jinsi alivyokuwa akimpapasa mgongo, niliona amemsahau shetani. Ndiye aliyeniuliza swali ambalo ningelisikiliza vizuri ningeokoa siku mbili. Alisema, "Mbona huyu anashangaa?"

Nikamwambia anashangaa safari. Tukacheka, basi likapona, tukapanda.

Tabora

Bwana Maganga alitupokea stendi akiwa na kofia ya rangi ya nyasi kavu. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mnene kidogo, mcheshi, na utani wake hauchagui. Alipoona viatu vya Paluku alisema Mkongomani hata akiitwa matopeni atakuja amevaa kama bwana harusi. Paluku alimjibu kwamba bata nao wanastahili heshima. Kuanzia hapo walielewana.

Jibini niliikabidhi kwa mikono miwili kwa mama yake Bwana Maganga, bibi mkimya, asiyesikia vizuri. Alishukuru sana. Kesho yake nikaikuta bafuni, imekatwa kipande kimoja, kipande kimekaa juu ya sinki. Alikuwa ameidhani sabuni ya kwetu, na hakutaka kutuaibisha kwa kusema haitoi povu. Tuliiosha, tukaila na asali ya Tabora, na bibi akala kuliko sote.

Jioni hiyo Bwana Maganga alinionyesha vifaa vyake, na mimi ndiye niliyeuliza mpaka akachoka. Bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi ndogo badala ya risasi moja. Suruali ya mpira inayofika kifuani kwa ajili ya kuingia majini. Wavu wa kufunika uso, kwa sababu uso wa mtu unaonekana kutoka juu haraka kuliko kitu kingine chote. Nilitaka kujua filimbi ya kuigia sauti ya bata iko wapi, akaniambia bata wa kwao wenye uso mweupe hawalii kama wale wa uani. Wanapiga mluzi. Akaweka midomo sawa, akapiga mara tatu, sauti ya kushuka, nzuri na ya upweke. Nilijaribu usiku kucha kitandani mpaka Paluku akagonga ukuta.

Bwawani, asubuhi mbili mbaya

Bwawa liko mbali na mji, mwendo wa pikapu kwenye njia ya vumbi. Kiangazi kinapokolea, maji ya mbuga yanakauka na ndege wote wanakusanyika kwenye machache yaliyobaki. Tulifika alfajiri. Maficho yalikuwa kibanda cha matete, kimejengwa ili upepo uje kutoka mgongoni. Bwana Maganga alieleza kwamba bata hushuka akiukabili upepo, kwa hiyo ukikaa hivyo atakuja akikutazama, miguu imenyooshwa, kifua wazi. Aliye mbali hapigwi. Alikuwa amechomeka fimbo majini, na ndege aliye ng'ambo ya fimbo anaachwa aende zake, maana atajeruhiwa tu na kufia kwenye matete bila faida.

Tuliwapanga bata wetu makundi mawili, katikati tukaacha uwazi. Huo ndio mlango, alisema. Mgeni haingii nyumba isiyo na nafasi ya kukaa. Kila mmoja alikuwa na kamba na kijiwe cha kumzuia. Jua lilipochomoza rangi yangu haikung'aa hata kidogo, na Bwana Maganga akanipa dole gumba. Moyo wangu ulijaa.

Kundi la kwanza lilikuja kutoka mashariki. Akapiga mluzi, wakajibu, wakageuka. Walizunguka juu yetu mara moja, wakashuka kidogo, wakazunguka tena. Halafu, kana kwamba wameitwa, wakapanda wote na kwenda kutua mbali kabisa. La pili likafanya vilevile. La tatu halikuzunguka hata mara moja.

Mwishoni akapita bata mmoja peke yake, chini, ndani ya fimbo, na Bwana Maganga akapiga. Hapa lazima niseme yaliyotupata. Bunduki ilipolia, mimi na kaka yangu tulijikuta tumelala kifudifudi matopeni, mikono kichwani, kabla hatujaamua lolote. Koti la kanisani lilikuwa limekwisha. Tulijua kwa nini tumekuja, bunduki tulikuwa tumeiona na kuishika, lakini mwili wa mtu wa Goma haukuuliza.

Bwana Maganga hakucheka. Aliweka bunduki chini, akatuinua mmoja mmoja, akasema samahani, alipaswa kutuambia. Tangu hapo, kila mara kabla ya kupiga, alinong'ona kwanza, "Napiga."

Asubuhi ya pili hakuwa na haja ya kunong'ona. Tulibadilisha mpangilio, tukapanua mlango, tukatafuta upepo. Bata walikuja, wakatazama, wakakataa. Tukiwa tunakusanya kamba, Bwana Maganga alisema kwa adabu kwamba kazi ni nzuri mno, na kwamba mke wake angependa mmoja wa kuweka sebuleni. Paluku akamshukuru. Mimi nilimfahamu kaka yangu, nikajua moyoni tayari yuko kwenye lori la kurudi Butembo. Nilihisi kulia, na nililia kidogo, nyuma ya pikapu.

Darubini

Mchana huo wanaume walilala palepale, kwenye kivuli cha pikapu. Mimi nilishindwa. Nilichukua darubini ya Bwana Maganga, nikarudi kwenye maficho peke yangu, nikawatazama bata wa kweli waliokuwa wametua ng'ambo. Nilitaka angalau kujua walichopata kule wasichokipata kwetu.

Hawakuwa wanafanya kitu. Wengine walikuwa wameingiza vichwa majini, mikia juu. Wengine walielea shingo zimezama mabegani. Wengi walikuwa wamelala usingizi kabisa, kichwa kimegeuzwa nyuma, mdomo umefichwa kwenye manyoya ya mgongo. Nikakaa sana, kwa sababu ilipendeza kuwaona. Halafu ng'ombe wakatoka kwenye vichaka kuja kunywa maji, na kijiti kikavunjika.

Vichwa vyote viliinuka kwa pamoja, shingo zimenyooka, macho upande mmoja. Wakakaa hivyo kwa pumzi moja, kisha wakaruka wote.

Nilishusha darubini. Kundi nililoliona kwa pumzi ile moja nililifahamu vizuri sana. Nilikuwa nimelipaka rangi mimi mwenyewe.

Msumeno

Niliwaamsha. Nilizungumza vibaya, nikirukaruka, lakini Bwana Maganga alielewa kabla sijamaliza. Alikwenda kwenye mfuko, akawatoa bata wetu, akawapanga juu ya nyasi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Dazeni nzima walikuwa wamenyoosha shingo wakitutazama, kama baba alivyotaka.

"Nimewatazama siku mbili nisijue ninachokiona," alisema. "Kundi lililotulia halikai hivi. Fundi, umechonga bata wenye hofu."

Nilitegemea Paluku akasirike. Alichuchumaa tu, akamshika mmoja.

"Si tumetoka Goma," alisema. "Ningechonga namna gani?"

Bwana Maganga alitazama ardhi, akaondoka kwenda kuwasha moto wa chai ambao hakuna aliyekuwa ameuomba.

Nilimwambia Paluku dawa ni rahisi: tukate vichwa, tupunguze shingo, tuvirudishe vikiwa vimelala. Akatikisa kichwa. Kukata chuma angekata, alisema, lakini kile kilikuwa kichwa alichofundishwa na baba kwa kushikwa mkono. Nilikaa karibu naye. Sikuwa na hasira, nilikuwa na huruma, na pia nilikuwa na hofu ya lile lori.

"Yaya," nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "baba alikuwa anachongea batu. Batu balipendaka kuangaliwa. Hawa ni ndege. Hawatafuti kuangaliwa, banatafuta fasi ya kupumzika."

Alikaa na bata mkononi mpaka maji ya chai yakachemka. Kisha akaomba msumeno.

Alifanya kazi mpaka jioni chini ya kivuli cha pikapu, kwa vifaa tulivyobeba kwa dharura. Alikata, akachonga shingo upya, akatoboa, akapigilia kijiti cha mti na kutia gundi. Wengine aliwageuza vichwa nyuma, akawachimbia shimo dogo mgongoni mdomo uingie. Mimi nilifuata nyuma na brashi na mabaki ya rangi yangu ya lava, nikifunika vidonda. Alipofika kwa wa mwisho Bwana Maganga akamshika mkono.

"Huyo mwache," alisema. "Kila kundi lina mlinzi wake."

Paluku akamweka kando, shingo juu, kazi ya baba bila kuguswa. Akapumua kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Mlango

Asubuhi ya tatu upepo ulikuwa mwepesi. Tuliwaweka waliolala katikati ya kila kundi, na mlinzi pembeni. Nilikuwa nimeshika kamba moja ambayo nikiivuta taratibu bata wawili wanatikisika na maji yanafanya mawimbi madogo, ili waonekane hai. Nilikuwa nimekatazwa kuinua uso, lakini nilitazama kupitia matundu ya wavu.

Walikuja kutoka mashariki tena. Bwana Maganga akapiga mluzi, wakajibu. Wakazunguka mara moja. Paluku alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inasema Salamu Maria. Hawakuzunguka mara ya pili. Walipinda mabawa, wakaukabili upepo, wakanyoosha miguu, na kundi zima likaanza kushuka kwenye ule uwazi katikati ya bata wetu, wakipiga mluzi kama watu wanaofika nyumbani kwa ndugu.

Nilifurahi mpaka nikasahau tumekuja kufanya nini.

"Napiga," alinong'ona.

Nilimshika kaka yangu mkono wa shati, naye akanishika. Bunduki ikalia mara mbili, bata wawili wakaanguka ndani ya fimbo, wengine wakaruka. Tulibaki tumekaa. Hatukulala chini, wote wawili, na hilo nalihesabu pia katika mambo tuliyoyaweza.

Sitawaficha kwamba nilijisikia vibaya kidogo. Walishuka kwa sababu tuliwaonyesha amani, na amani ilikuwa ya mbao. Nilimwambia Bwana Maganga. Alisema naye hujisikia hivyo kila mara, na siku atakayoacha kujisikia hivyo atauza bunduki. Jioni mke wake alimpika mmoja kwa karanga, na mwingine akapelekwa kwa jirani. Nilikula, ilikuwa tamu, na niliomba mchuzi tena.

Nyumbani

Mpakani yule mkubwa alikuwepo. Nilimwambia walidanganyika. Akafurahi, akaomba kumsukuma bata mara moja ya mwisho.

Sasa mmesikia wenyewe msumeno ukilia Keshero kutwa. Chama cha Bwana Maganga kimeagiza, na viatu vya Paluku vimerudi chini ya kitanda. Amewatoa sokwe kwenye rafu moja, na hapo wanakauka bata, waliolala upande mmoja, wanaokula upande mwingine. Mwanzo alichonga waliolala kwa kujilazimisha. Siku hizi ndio anaoanza nao.

Juzi lori liliangusha mabati barabarani, mzigo wote kwa mara moja, karibu kabisa na mlango wetu. Mimi niliinua kichwa. Paluku aliinua kichwa. Mama Neema, yule mshonaji wa jirani aliyekuwa amekuja kuomba uzi, aliinua kichwa. Tukakaa hivyo, shingo zimenyooka, macho upande mmoja, mpaka tukasikia dereva akigombana na watu wake na kujua ni mabati tu.

Tulitazamana, mimi na kaka yangu, na tukajua wote wawili tunafikiria nini. Kati yetu mezani alikuwepo bata aliyekamilika kuchongwa asubuhi ile, mdomo umefichwa mgongoni. Nilinyoosha mkono na brashi nimpake.

"Muache kwanza," Paluku akasema, akampuliza vumbi. "Amelala."